Filamu za unga na mdogo wako aliyerudi nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama ni vyema kutazama filamu za waraibu wa unga, yaani heroini, wanaolala mabarazani pamoja na mdogo wako, aliyerudi Mwembeladu majuzi kutoka soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha. Mimi ningesubiri. Filamu nyingi husogeza kamera karibu mno na sindano, na kwa mtu aliyeacha juzi picha hiyo peke yake yaweza kuamsha hamu aliyoanza kuishinda. Tena hupunja muda: mhusika hutetemeka usiku mmoja na asubuhi amepona, ilhali arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, huchukua siku kadhaa na hamu yenyewe hudumu miezi, hata miaka, ndiyo maana wapo wanaokunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu hiyo, kila siku mbele ya muuguzi.

Kuhusu kukosa makazi, filamu humchora mtu asiye na jamaa, lakini niliowajua mimi wakilala Darajani walikuwa na mama mtaa wa pili, na kilichowafungia mlango ni aibu na vitu vilivyoibwa ndani. Zungumza naye hilo kwanza. Akitaka mwenyewe kutazama, kaa naye mpaka mwisho, umuulize wapi watengenezaji wa filamu wamekosea.