Watoto wadogo na baiskeli za vilimani hapa Kigoma: anza na breki

Kaka mleta uzi, karibu mwisho wa reli. Umesema umehamishiwa Kigoma kikazi kutoka Dar, una watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 7, umeviona vilima vilivyouzunguka mji ukapata wazo la kuwanunulia baiskeli ili Jumamosi mpande nao kifamilia. Umeuliza uanze na njia ipi. Waliotangulia wamekutajia njia. Mimi naomba nikurudishe nyuma kidogo, maana mimi na baba watoto nasi tulianza na njia, tukaishia shambani kwa mtu.

Ilikuwa hivi. Kifungua mimba wetu, binti, alikuwa na miaka 7 kama wako. Kuendesha alishajua, alijifunzia uwanjani karibu na nyumbani Mwanga. Anakata kona, anaachia mkono mmoja, sisi tunapiga makofi. Tukamnunulia mtumba wa Japani wa inchi 20, wenye gia 6, kwa shilingi 80,000, tukaenda nao upande wa Bangwe, barabara ya vumbi ya kwenda Katonga. Kupanda tulisukuma. Kushuka, kufumba na kufumbua namwona mtoto anazidi kuwa mdogo mbele yangu. Mungu saidia hakuangukia barabarani, aliingia kwenye mihogo ya watu akalala humo, baiskeli juu yake. Magoti yalichubuka, jino la utoto lililokuwa linacheza likatoka kabla ya siku yake. Mwenye shamba akaja kuuliza kama tumekuja kuvuna.

Nikamuuliza binti kwa nini hakushika breki. "Nilishika mama, haikukamata." Nikadhani ni uongo wa kitoto. Tulipofika nyumbani nikamkalisha juu ya baiskeli, nikamwambia ashike niione. Vidole vyake vilikuwa vinaufikia mkono wa breki kwa ncha tu, karibu na kucha. Kwa ncha za vidole hata mtu mzima hawezi kubana kitu. Kule uwanjani hakuwahi kuihitaji breki hata siku moja, alikuwa akitaka kusimama anaburuza ndala. Nasi tulikuwa tunampigia makofi mtoto ambaye hajui kusimama.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo: Kigoma ukipanda lazima ushuke, na ziwa liko chini. Mtoto ajue kusimama kwanza, njia mtatafuta baadaye.

Shika baiskeli yake sasa hivi uangalie mkono wa breki, karibu na pale unapofungwa kwenye usukani. Nyingi zina skrubu ndogo hapo, na watu wengi hawaijui kazi yake. Ukiikaza, mkono wa breki unasogea karibu na usukani. Mtoto akae kawaida, mikono yote kwenye usukani, kisha anyooshe vidole viwili. Vikiweza kuukunja mkono wa breki bila yeye kuhamisha kiganja, hapo sawa. Ukishausogeza, waya unavutika na raba za breki zinaweza kuanza kugusa ringi, kwa hiyo urekebishwe upya. Kisha sukuma baiskeli akiwa juu yake, mwambie ashike breki ya nyuma: gurudumu lisimame kabisa. Lisiposimama, tatizo si mtoto. Mitumba mingi imekaa miaka mvuani, waya umeota kutu ndani ya kava lake na raba za breki zimekuwa ngumu kama jiwe. Waya mpya na raba mpya kwa fundi ni hela ndogo kuliko bandeji. Na jamani, kuna jirani yetu alipaka mawese kwenye cheni. Mawese ni ya mboga. Yaliganda, yakabeba vumbi lote la Gungu, mengine yakafika kwenye ringi ambako raba za breki zinabana, na ringi yenye mafuta haishikiki.

Jambo jingine, jua mkono upi ni wa breki ipi. Mitumba ya Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Baiskeli nyingine zimefungwa kinyume, na mafundi nao hufunga wanavyojua, kwa hiyo usikisie, shika uone. Mtoto anayeibana ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye mteremko anarushwa juu ya usukani. Anayetumia ya nyuma peke yake anaserereka na kuchelewa kusimama. Tuliwafundisha kubana zote mbili pamoja, polepole, na kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Changarawe zetu nyekundu ni kama punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni, ukibana breki huku umelala kwenye kona unakwenda chini.

Kwa wiki tatu hatukwenda kilimani. Tulikuwa na mchezo mmoja tu: nalaza fimbo chini, mtoto anakuja kwa kasi anayoitaka, tairi la mbele lisimame bila kuigusa fimbo, na mguu usiburuze chini. Anayesimama karibu zaidi anapata karanga ya ziada. Kisha tukahamia kwenye kamteremko ka nyasi, kama hatua 10 hivi, fimbo ile ile. Wewe utachoka kabla yao.

Hapo ndipo tulipoanza kusimama juu ya pedali. Watoto wengi wakishuka hukaa kwenye siti kama wako kwenye daladala, kila jiwe linawarusha. Mwambie pedali zilale sawa, moja mbele moja nyuma, ainuke kidogo kwenye siti, magoti na viwiko vilegee. Maneno yangu hayakumwingia binti mpaka tulipokwenda Kibirizi tukamwonyesha wavuvi wa dagaa. Mvuvi akisimama mtumbwini hakazi magoti. Wimbi likija, mtumbwi unapanda na kushuka chini yake, kichwa chake kiko pale pale. "Aah, kumbe niwe mvuvi," akasema. Mpaka leo tukikaribia mawe baba yake anapiga kelele moja tu: "Mvuvi!" Macho nayo yatazame mbele anakotaka kupita, kwani mtoto anayelikodolea macho jiwe atalipiga jiwe hilo hilo.

Kuna tabia utakayopambana nayo hapa. Watoto wanawaona wabeba mkaa na wabeba ndizi wakiteremka na mzigo mkubwa, wanakanyaga tairi kwa ndala badala ya breki. Kitinda mimba wangu aliiga siku ya pili tu. Sikumgombeza sana, nilimwambia wale ni mabingwa na baiskeli zao hazina breki, ya kwako inazo. Ila tangu siku hiyo ni viatu vya kufunika vidole, kandambili zinabaki nyumbani.

Na usione aibu kwa sababu huna baiskeli ya mamilioni. Mchezo huu ulianzia California miaka ya 1970, vijana wakishuka njia za mlima Tamalpais na baiskeli kuukuu nzito, zenye ile breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki zilikuwa zinapata moto mpaka grisi ya ndani inaungua, na wakifika chini wanazifungua kupaka grisi upya. Mashindano yao ya kwanza yalifanyika mwaka 1976 na yakaitwa Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu ya grisi hiyo. Unaona, hata wenyewe walianza na tatizo la breki.

Sasa huyo wa miaka 4. Usimnunulie ya gia, na usimnunulie kubwa eti atakua. Mchukulie inchi 12 au 14, halafu ng'oa pedali zote mbili na vile vigurudumu vya pembeni. Spana namba 15 kwa kawaida inatosha. Ujue tu pedali ya kushoto imekatwa kinyume: ukiwa na spana juu ya pedali, zote mbili zinafunguka kwa kuzungusha kuelekea nyuma ya baiskeli. Sisi tulipigana na ya kushoto nusu saa tukizidi kuikaza. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, umwache ajisukume kwa miguu uani. Vigurudumu vya pembeni vinamfundisha kupiga pedali na vinamnyima mizani, na kujishikilia ndiyo sehemu ngumu. Baiskeli yenyewe ilianza hivyo: Mjerumani Karl Drais mwaka 1817 alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, watu wazima na kofia zao wakawa wanajisukuma kwa miguu barabarani. Wangu alijisukuma miezi miwili, siku akiweza kuinua miguu yote na kuteleza kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai tukamrudishia pedali. Alasiri hiyo hiyo akaendesha. Bibi yake alidhani nimempeleka kwa mganga.

Kabla hajaweza mwenyewe utashawishika kumbeba kwenye keria. Naomba usifanye hivyo bila kiti chenye kinga ya miguu. Kisigino cha mtoto kikiingia kwenye spoki, gurudumu halina huruma. Mdogo wangu ana kovu la hivyo tangu utotoni Ujiji, na bado anakumbuka sauti.

Helmeti ya bodaboda si ya mtoto, ni nzito na inamziba masikio. Tafuta ya baiskeli hata ya mtumba, ukague isiwe na ufa, ikae bapa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio. Ikishapigwa chini kwa nguvu kichwa kikiwamo, itupe.

Saa nazo. Wewe umetoka Dar, utaamka saa 12 uone bado giza. Tuko magharibi mno lakini saa yetu ni moja na yenu, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika 40, kuchomoza na kuzama. Asubuhi tunatoka saa 1 na saa 3 tumeshageuza. Jioni faida ni yetu, kwani saa 12 bado kweupe mnaweza kucheza. Kuanzia Juni mpaka Septemba njia ni kavu, vumbi tupu. Mvua zikianza, acheni vilima. Udongo unaganda kwenye matairi mpaka gurudumu halizunguki, na njia ya jana leo ni korongo.

Njia sasa, kwa ufupi. Lami ya Ujiji isahau, bajaji na bodaboda hawamwoni mtoto. Sisi miezi ya mwanzo tulikwenda vijia vya tambarare kando ya mashamba ya mpunga bonde la Luiche, kilomita 3 au 4, tunakaa chini ya mchikichi tunakula viazi na ndizi, tunarudi. Huyo mdogo ndiye anayeamua tunageuzia wapi. Tukiona ameanza kuokota mawe na kuuliza nyumbani ni lini, tumeshachelewa. Bangwe tulirudi mwaka uliofuata. Kwenye mpando mkali kila mtu anashuka na kusukuma, mimi wa kwanza, kwani nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka 34, wiki moja na binti yangu, na yeye alinitangulia kujua. Kwenye mteremko baba anatangulia, watoto kati, mimi nyuma na pampu, kiraka cha pancha na maji. Pale kwenye shamba la mihogo binti alisimama mwenyewe, breki zote mbili, akamwamkia mwenye shamba: "Mwakeye!" Mzee alicheka mpaka akaegemea jembe.

Ukitaka fundi, kuna mzee anakaa chini ya mwembe upande wa nyuma wa soko la Mwanga, ana mkono mwepesi na hafichi kitu. Ila mikono ya breki ya watoto na raba ndogo mara nyingi hana, kwa hiyo ukienda Dar kumalizia kuhama, pitia Kariakoo ununue jozi mbili uje nazo.