Stanley na hizo "zama zake"

Unasema Henry Morton Stanley, yule mvumbuzi wa Kizungu wa karne ya 19, asilaumiwe, alikuwa mtu wa zama zake. Mbona basi hata Waingereza wa zama hizo hizo walimjia juu? Mwaka 1875 alirudi kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, kulipiza kisasi. Alibaki kwenye mitumbwi, mishale isimfikie, akawamiminia risasi watu waliojipanga ufukweni. Na habari aliipeleka gazetini mwenyewe! Mto Kongo aliufuata hadi baharini, hilo simnyimi. Ila kuanzia 1879 alikuwa kibarua wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo: machifu wanapewa vitambaa, wanatia alama kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Na wale wapagazi kutoka Unguja waliombebea mizigo, wewe unawajua wangapi kwa majina?