Ulimi unanata kwenye kaakaa: ni uzee au ni dawa?

SWALI: Daktari mwanangu, hujambo? Mimi ni mjane wa miaka 67, naishi Pangani. Tangu baada ya Idi kinywa kinanikauka mpaka nikiongea na wanangu kwenye simu inabidi nikatishe maneno ninywe maji. Usiku naamka mara tatu, ulimi umenata kwenye kaakaa. Bada, ule ugali wa muhogo, haipiti kooni mpaka niizamishe kwenye mchuzi. Majirani wanasema ni uzee, nizoee. Natumia kidonge cha presha kile cha kukojoza, amitriptilini usiku kwa ajili ya mgongo unaoshuka mguuni, na Piriton nikishikwa na mafua. Kinachonisaidia ni ubuyu. Namumunya mchana kutwa, na usiku naweka punje mbili tatu karibu na mto. Sasa meno ya mbele ya chini yameanza weusi kwenye shina. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye ule ubuyu wa karibu na mto roho iliniuma. Umejitafutia dawa kwa akili yako, ukaiona inafaa, kumbe ndiyo inayokula meno yako.

Kwanza la majirani. Si uzee. Watu wazima wengi hukaukwa kinywa kwa sababu ndio wanaomeza vidonge vingi, na wewe umevitaja mwenyewe. Mate hutoka kwenye tezi: mbili kubwa ziko mbele ya masikio, nyingine chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na vijitezi mamia mdomoni na mashavuni. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tezi hizo husubiri ujumbe wa mishipa ya fahamu ndipo zimwage mate. Amitriptilini huuzuia ujumbe huo usifike, na Piriton hufanya vivyo hivyo. Kidonge cha kukojoza nacho kinapunguza maji mwilini. Tena usiku, hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, mate hupungua sana, na wewe amitriptilini unaimeza saa hiyo hiyo. Ndiyo maana unaamka ulimi umenata. Lakini hapo pia pana faraja: tezi hazijafa, zimezuiwa tu.

Jambo hili nililijua kwa marehemu mama yangu kabla sijalielewa vizuri kwa wagonjwa. Alikuwa akija kwangu na jino limetoboka shinani, nikaliziba. Miezi haikupita mingi, limeoza tena pembeni ya pale pale. Nikaziba tena, nikamhimiza apige mswaki vizuri, naye akaniitikia kwa upole. Siku moja asubuhi tumekaa kunywa chai, nikamwona anaacha hamri kwenye kikombe mpaka linalegea na kuvunjika, ndipo analiokota kwa kijiko. Mama yangu alikuwa mtu wa kula hamri kwa mbaazi, kavu kabisa. Nikamwambia afungue kinywa, nikaingiza kile kioo kidogo chenye mpini, kikanata shavuni kama kimepakwa gundi. Kwenye kinywa chenye mate kioo huteleza. Siku hiyo ndiyo niliyomuuliza kwa mara ya kwanza anameza dawa gani. Tangu hapo sizibi jino la mtu mzima kabla sijaona vidonge vyake.

Sasa turudi kwenye ubuyu wako. Ukali wake ndio unaoziamsha tezi, kwa hiyo hukukosea kuona nafuu. Lakini punje ile imepikwa kwa sukari, na juu ya sukari kuna ukali wenyewe. Kazi kubwa ya mate ni kuosha sukari na kuzimua ukali kabla havijadhuru jino. Wewe mate huna, kwa hiyo vyote viwili vinakaa hapo hapo. Na shina la jino, pale fizi iliposhuka, halina lile gamba gumu la juu; huoza upesi zaidi. Punje moja baada ya chakula isingekuwa na neno. Kumumunya kutwa nzima na kulala nayo ni kuyapa meno asidi saa ishirini na nne. Peremende, pipi kifua, soda ya kunywa kidogo kidogo, na kipande cha ndimu vyote ni hivyo hivyo.

Badala yake, tafuna bigijii isiyo na sukari. Kwenye pakiti angalia jina zailitoli (xylitol). Ukiikosa, tango au karoti baada ya kula itafaa, maana kutafuna kwenyewe kunaziamsha tezi. Kaa na chupa ya maji, unywe funda dogo na kuligeuza mdomoni kabla ya kumeza. Usinywe bilauri nzima nzima usiku. Utaamka kwa haja badala ya kuamka kwa kiu. Feni isikupige usoni, na midomo ipake mafuta kabla ya kulala. Bada usiiache, ila iwe laini, na mchuzi uwe mwingi. Hilo si deko, mama.

Dawa ya meno iwe na floridi, nyuma ya tyubu pameandikwa 1450 au karibu na hapo. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, tema povu, usisukutue kwa maji baadaye. Dawa za kusukutulia zenye kilevi ziache, zinazidisha ukavu.

Kuhusu vidonge nakuomba sana: usiache hata kimoja kwa kusoma jibu hili. Presha isiyo na dawa ni hatari kuliko kinywa kikavu. Vitie vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile Piriton ya dukani ambayo watu hawaihesabu kuwa dawa, umpelekee daktari aliyekuandikia. Mwambie maneno haya: kinywa kinakauka, silali, na meno yanaoza. Anaweza kupunguza kipimo cha amitriptilini au kukubadilishia. Muulize pia kama mafua yako yanahitaji Piriton kweli. Kidonge cha kukojoza muulize kama unakimeza saa inayofaa. Kwa kawaida huwa asubuhi.

Akupime na sukari, hasa kama kiu imeambatana na kukojoa mno. Na kama macho nayo yanakauka, yanawasha kama yameingia mchanga, na viungo vinauma, mwambie, maana upo ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia tezi zenyewe. Ukiona utando mweupe ulimini unaotoka ukiufuta, au kona za midomo zinapasuka na kuwaka, huenda ni fangasi; ina dawa yake.

Yale meno ya mbele ya chini usiyasubiri yaume. Weusi wa shinani ukiwa bado mdogo unasafishwa na kuzibwa siku hiyo hiyo. Nenda wiki hii, na ukifika kwa daktari wa meno mfungulie ule mfuko wa vidonge kabla ya kufungua kinywa.