Kabla ya fomu ya hataza, leti ilikuwa ya nani?

Ndugu uliyeuliza kuhusu mashine ya kupukuchua mahindi: umeajiriwa karakana, uliionyesha kwenye maonyesho ya kilimo mwezi wa tatu, sasa unataka hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako). Njia hiyo nimeipita, nikaungua.

Maonyesho yasikunyime usingizi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inataka uvumbuzi uwe mpya duniani kote, lakini ukiuanika mwenyewe unapewa miezi 12 ya kupeleka maombi KIPI, taasisi ya serikali inayotoa hataza. Hesabu tangu siku ile ya maonyesho. Kama ulikuwa unaiwazia Ulaya, huko umeshachelewa, hawana msamaha huo.

Mimi nilianguka kwenye umiliki. Nilibuni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Niliajiriwa kuchomelea tu, mkataba haukutaja ubunifu popote. Shafti niliichonga usiku kwa leti ya bosi, mashine ya kuchongea vyuma, vyuma nikaokota kwenye rundo la vya kutupwa. Nikajiambia ni yangu. Kumbe kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinasema hata kama hukuajiriwa kubuni, ukitumia vifaa au taarifa ulizozipata kazini, haki ya hataza ni ya mwajiri. Wewe unadai malipo ya haki, yakipimwa kwa mshahara wako na thamani ya uvumbuzi. Nilipobisha, bosi alifungua daftari la zamu: jina langu, saa tatu usiku, leti namba mbili. Mwandiko wangu mwenyewe!

Tulielewana hatimaye: hataza yake, jina langu likaandikwa kama mvumbuzi, nikapata kitu kidogo.

Uvumbuzi usiohusiana kabisa na kazi yako ni wako, na kipengele cha mkataba kinachokupunja kuliko sheria hakina nguvu.

Kwenye kuandika madai, yaani sehemu ya maombi inayosema hasa nini kinalindwa, tafuta wakala wa hataza anayejua. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "visu vinne". Wakala akacheka: jirani akiweka vitano, utamshtaki kwa lipi? Na ukishawasilisha usilale. Usipoomba uchunguzi wa kina, ambapo KIPI hupima kama uvumbuzi unastahili hataza, ndani ya miaka 3, maombi yanakufa. Ukipewa, ulinzi ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha, mradi ulipe ada ya kila mwaka.

Sasa tuambie: mashine yako uliichomelea wapi, na risiti za vyuma zina jina la nani?