Kubuni Silaha ya Saibapanki: Anza na Anayeibeba, Kisha Fundi Wake

Mtu anayetaka kuchora silaha ya kubuni kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, katuni au filamu ya saibapanki kwa kawaida huchukua bunduki anayoijua, akaipachika taa za buluu, nyaya na vioo mpaka ionekane ya kesho. Ushauri wangu, unaotokana na kazi ya michoro ya dhana, yaani michoro ya kuonyesha wazo kabla halijajengwa, ninayoifanya hapa Dodoma, ni kwamba taa ziwe jambo la mwisho kabisa. Saibapanki ni ulimwengu ambamo teknolojia imekwenda mbali ilhali maisha ya watu wa kawaida yamebaki duni, na silaha ya ulimwengu huo huaminika pale mtazamaji anapoviona vyote viwili katika chombo kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari wowote, andika kwa sentensi chache ni nani anayeibeba silaha, ni nani aliyeinunua, na ni nani huitengeneza inapoharibika. Nitatumia mfano wa kazi yangu mwenyewe: silaha ya mlinzi wa mizigo kwenye treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, katika Dodoma ya kufikirika ya mwaka 2090. Treni hiyo, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, huendeshwa kwa umeme wa waya wa juu wenye volti 25,000, na jambo hilo moja liliamua mengine mengi, kwa kuwa mlinzi anayeishi chini ya waya wa namna hiyo hana haja ya baruti. Nilichagua sumakuumeme, yaani koili za shaba zilizopangwa kuuzunguka mtutu, ambazo huwashwa moja baada ya nyingine na kuivuta risasi ya chuma kwenda mbele.

Ukishachagua kanuni, ifuate hadi mwisho wake. Silaha ya koili haina maganda ya risasi ya kutema, hivyo tundu la kutolea maganda halina kazi, na bado utaliona katika michoro mingi ya silaha za umeme. Inahitaji kapasita za kuhifadhi umeme na kuuachia kwa mkupuo, nazo hula nafasi. Niliziweka kwenye kitako ili uzito wake usawazishe mtutu, na soketi ya kuchajia nikaiweka nyuma ya kitako hicho, mahali ambapo mlinzi anaweza kuichomeka ndani ya behewa bila kuilaza silaha. Koili zinazopitisha umeme mwingi hupata joto, kwa hiyo lazima joto hilo litafutiwe njia ya kutoka, na hapo ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoingia. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma ni kavu, upepo hubeba vumbi, na feni yoyote ya kupozea ingelivuta vumbi hilo ndani. Badala ya feni niliweka mapezi ya alumini, yaani vibamba vyembamba vya kutolea joto, yaliyoachana kiasi cha kupitisha kitambaa cha kufutia vumbi, na kitambaa chenyewe nikakifunga kwenye mkanda wa kubebea. Mapezi hayo ndiyo yanayoitambulisha silaha hata ukiiona kwa mbali.

Kuhusu umbo la jumla, nakushauri utafute ukoo wake hapa nyumbani. Nilitazama gobore, bunduki ya wawindaji ambayo baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: ni ndefu, nyembamba, na mara nyingi mbao zake zimefungwa kwa waya zilikopasuka. Silaha nyingi za saibapanki ni fupi na nene, kwa hiyo wembamba huo peke yake uliipa silaha yangu kivuli kisichofanana na cha nyingine. Jaza umbo lako lote kwa rangi nyeusi; ikiwa halitambuliki likiwa hivyo, nakshi za ndani hazitaliokoa.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi kuliko zote ni alama za matumizi, kwa sababu humo ndimo hadithi inamokaa. Katika dhana yangu, silaha ni mali ya kampuni, na hufunguka kwa alama ya kidole cha mlinzi aliyesajiliwa. Sisi tunaujua utaratibu huo vizuri tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na tunajua pia kwamba vidole vya watu wa kazi nzito za mikono husuguka hata mashine zikashindwa kuvisoma. Mlinzi wangu alikuwa mbeba mizigo kabla ya kupata ajira hiyo. Kisomeo cha kidole kwa hiyo kimechubuka kwa kubonyezwa tena na tena, na pembeni yake pametobolewa tundu dogo ambamo fundi amepitisha waya wa kukiruka, akaliziba kwa gundi iliyogeuka ya njano kwa jua. Hakuna maandishi yanayoeleza hayo, lakini anayeutazama mchoro huona kampuni, mfanyakazi na fundi wa mtaani kwa pamoja.

Ili kuyapata mambo ya namna hii, mpelekee mchoro wako fundi wa simu au wa pikipiki na umwombe akuonyeshe angeifungulia wapi silaha hiyo. Mchoraji mwenzako atakusifia rangi; fundi atauliza skrubu ziko wapi, na atakuwa na haki.

Neno moja kuhusu maandishi. Herufi za Kijapani zilizojaa katika saibapanki zina sababu yake: sanaa hiyo ilikua miaka ya 1980, wakati Wamarekani wengi waliuona uchumi wa Japani kama mshindani wa kuogopwa. Kuzinakili leo bila sababu hiyo ni kuazima hofu ya watu wengine. Onyo la HATARI lenye fuvu, kama lile la kwenye nguzo za umeme, lina uzito zaidi kwetu.

Programu zisikuzuie. Krita kwa kuchora na Blender kwa maumbo ya pande tatu zote ni za bure.

Unapokabidhi kazi, weka kwenye ukurasa mmoja mwonekano wa ubavu, mwonekano wa mshazari, silaha ikiwa mkononi ili ukubwa wake ujulikane, na sehemu zake zikiwa zimefunguliwa. Atakayeijenga katika mchezo atahitaji kujua nini husogea, kwa hiyo chora kifyatulio na kifuniko cha kapasita katika hali mbili, kabla na baada ya kufyatua, na uandike kando yake ni sehemu gani huwaka na kwa mpangilio upi.