Shekeli 17 za shamba la Anathothi

Swali la wiki: Mipango yako ikikwama, unajuaje kwamba Mungu bado ni mwaminifu na ana kusudi na maisha yako?

Mhariri, jibu langu huenda likawaudhi wenzangu wa maombi ya Ijumaa. Naamini Mungu ni mwaminifu, lakini nimeacha kuupima uaminifu wake kwa kuangalia kama nilichoomba kimefika.

Nina saiba ndogo hapa Umoja. Vijana huja kuchapisha barua za kuomba kazi, na baadhi yao huomba pia niwachapishie Yeremia 29:11 waitundike ukutani: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Hata kwenye vioo vya matatu utaikuta. Ni aya njema, ila tumeinyofoa kwenye barua ya nabii Yeremia, na aya iliyo juu yake tumeiacha kwa kuwa haipendezi ukutani. Hiyo inasema watarudi kwao baada ya miaka sabini. Barua yenyewe waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu hadi Babeli mwaka wa 597 kabla ya Kristo. Aliyefika huko akiwa na miaka thelathini, mpigie hesabu mwenyewe.

Kabla ya barua hiyo kuna sura ya nabii Hanania, aliyetangaza hekaluni kwamba mateka watarudi ndani ya miaka miwili tu, akaivunja nira aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni. Ninavyoijua Nairobi, Hanania angejaza uwanja. Yeremia naye hakukimbilia kumpinga. Alianza kwa kusema Amina, Bwana na afanye hivyo. Hata yeye alitamani iwe miaka miwili.

Nasema haya kwa sababu marehemu dada yangu alitabiriwa uponyaji ndani ya mwezi mmoja. Tukapanda mbegu, yaani sadaka ya kuomba muujiza, kwa M-Pesa, tukatoa shukrani mapema. Tulimzika Vihiga. Matangani wapo walioniambia kwamba kila jambo lina sababu yake, nami nikawaona wakatili, Mungu anisamehe. Sitafuti tena sababu nzuri iliyojificha nyuma ya kifo chake.

Sura iliyonirudisha kwenye maombi ni ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira mji, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, kisha anakuja binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu la Anathothi. Wakati huo! Mimi huwasaidia watu kutafuta rekodi za ardhi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kabla hawajatoa pesa zao kule Ruai, na mteja akiniletea ploti ya namna hiyo ningemwambia anatapeliwa mchana kweupe. Lakini Yeremia alijua ni neno la Bwana. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia sahihi, kisha akaagiza hati zote mbili, iliyofungwa kwa muhuri na iliyo wazi, zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baada ya kulipa ndipo akaomba, na katika maombi hayo akamkumbusha Mungu kwamba amemwambia anunue shamba na hali mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao Wababeli. Nampenda kwa hilo. Alilipa kwanza, akashangaa baadaye. Baadaye watu wake walimchukua mpaka Misri, na Biblia haisemi popote kwamba aliwahi kuishi kwenye shamba lile.

Dada yangu, wiki zake za mwisho, alinituma niendelee kumlipia mchango wa chama, kile cha kuchanga na kupokea kwa zamu. Zamu yake ilikuwa mbali, na alijua. Pesa zikitoka, akasema, ziwe karo ya binti yake. Hakuwa ameacha kuomba apone, alikuwa analipa tu. Huyo binti sasa yuko sekondari. Sisemi kwamba hilo ndilo lililokuwa kusudi lote la maisha ya mamake, maana alikuwa mtu, hakuwa mfuko wa karo. Nasema imani niliiona pale kuliko nilivyoiona kwenye ile shukrani yetu ya mapema.

Na kuhusu kusudi, vijana huniuliza habari zake kana kwamba ni barua ya ajira iliyopotelea posta. Barua ya Yeremia inawapa mateka kazi za kawaida kabisa: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji mliohamishiwa, mkauombee. Hapo ndipo Nairobi inapotushtaki. Wengi wetu tuko hapa kutafuta tu, nyumbani ni ushago. Mtu anakaa Umoja tangu ujana hadi anastaafu bila kumjua jirani wa mlango wa pili, kwa kuwa moyoni bado anasubiri kurudi. Ukimwambia kwamba kusudi lake huenda liko kwenye ngazi za ploti anamoishi, anakuona unamshusha hadhi.

Kwenye kikundi chetu tumekuwa tukiuombea mtaa huu kwa sauti kubwa, hasa kwenye kesha. Nimependekeza Jumamosi moja tutoke na majembe tuzibue mtaro unaofurika mvua ikinyesha, ule unaoingiza maji machafu kwa akina mama wa mboga. Bado wanabishana kama hiyo ni ibada au ni kazi ya kaunti.

Msomaji, Umoja, Nairobi