Kusoma mchoro wa msitu: mwanga kwanza, alama baadaye

Kinachowaponza watazamaji wengi ni kukimbilia maana. Wakiona kunguru, kifo. Wakiona njia, safari ya maisha. Na mchoro wenyewe bado hawajautazama. Alama haijitegemei. Maana yake inatoka kwenye mwanga unaoiangukia na vitu vilivyo jirani yake.

Kwa hiyo acha kwanza kibandiko cha maelezo. Simama umbali wa kama mara mbili ya upana wa mchoro, ufinye macho mpaka majani yapotee, yabaki mabonge ya giza na mwanga tu. Giza likikaa pembeni na kuacha uwazi katikati, msitu unakukaribisha. Likijaa katikati, umezibiwa njia. Kisha tafuta anga: kadiri linavyopungua, ndivyo kifua kinavyobana.

Hapa kuna mtego. Vanishi ya utomvu, yaani tabaka angavu linalopakwa juu ya mchoro kuulinda, hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na mchana mweupe ukaonekana kama jioni ya huzuni. Kagua mawingu au theluji. Ikiwa hakuna hata doa jeupe, na kila kitu kina rangi ya asali, usimpe mchoraji huzuni isiyo yake. Picha za kwenye simu nazo hudanganya, hasa vivulini.

Sasa chukua mchoro wa Caspar David Friedrich, mchoraji Mjerumani, wa mwaka 1814: askari wa Kifaransa, peke yake, ametugeuzia mgongo kwenye theluji. Mbele yake misonobari imesimama kama ukuta, mirefu kumpita mara nyingi. Karibu nasi, kunguru ametua juu ya kisiki. Tarehe ni muhimu sana: mwaka 1813 jeshi la Napoleon, mtawala wa Ufaransa, lilishindwa Leipzig, Ujerumani, na huyu Mfaransa yumo katika msitu wa Wajerumani. Ndiyo maana wengi husoma miti hiyo isiyopukutisha majani kama taifa lililosimama imara, na mimi naona usomaji huo una mashiko.

Ujaribu kwenye nakala ya karatasi. Ziba kunguru kwa kidole gumba: hofu inabaki palepale, kwa sababu imebebwa na miti inayomkabili askari. Mwache kunguru aonekane, uzibe askari. Hofu inapungua ghafla, unabaki na msitu wa baridi, mtulivu, na ndege aliyepumzika kwenye kisiki.